Jetski: injini ya kawaida au yenye supachaja?

Injini ya Rotax 1630 ya jetski za Sea-Doo, ile ya kawaida inayovuta hewa yenyewe, hutoa nguvu farasi 130 au 170. Ikifungwa supachaja, yaani feni inayozungushwa na injini ili kusukumia hewa ndani, inafika 230, 300 au hata 325. Ukivuta mafuta ghafla, mikono inanyooka yenyewe kwenye usukani. Raha tupu! Lakini mafuta inayabugia, na hiyo ya 300 inataka petroli ya okteni ya juu. Kwenye Rotax za zamani za 1503, washa (pete bapa) za kauri ndani ya supachaja zilikuwa zikivunjika, vipande vinaingia kwenye oili. Ndiyo maana ilibidi supachaja hiyo ikarabatiwe kila baada ya saa 100. Kwa kubeba familia au kukodisha, nachukua 170 bila kusita, hasa kama ni iliyotumika.