Nimeuziwa marumaru kwa jina la graniti

Habari za vipimo na bei waulizeni wauzaji wenyewe. Mimi nina habari ya ndimu.

Fundi alikuwa amefunga jiwe la kaunta jikoni kwangu miezi kama miwili hivi. Jeupe, lina mishipa ya kijivu. Siku hiyo nilikuwa natia samaki viungo, nikaacha nusu ya ndimu imelala kifudifudi, nikaenda kufungua mlango. Niliporudi nikafuta, duara likabaki. Si doa, maana doa ukilisugua hupungua. Hapa mng'aro wenyewe ndio ulioliwa: ukipitisha kidole, pembeni panateleza, ndani ya duara panakwaruza.

Nikaenda dukani na picha. Kijana hata hakuitazama. "Mama, graniti haifanyi hivyo, labda umemwagia dawa ya choo." Mbele ya wateja! Mimi, jiwe ninalolifuta kwa kitambaa cha pamba.

Nyumbani kulikuwa na kipande kilichobaki fundi alipotoboa tundu la sinki. Nikakidondoshea siki. Likaanza povu, vitone vidogo vidogo, na nilipoinama nikasikia sauti yake, chsss. Graniti haichemki kwa siki. Inayochemka ni kalsiti, yaani kaboneti ya kalsiamu: asidi ya siki au ya ndimu inaila, hewa ya ukaa inatoka. Ndiyo madini yanayofanya marumaru, na ni ndugu wa matumbawe ambayo babu yangu alikuwa akiyachoma Tanga kupata chokaa. Babu angelijua kwa kulitazama tu. Nikatia na kisu, ukatoka unga mweupe. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, kalsiti ni 3. Kwatzi iliyomo ndani ya graniti ni 7, na kisu cha kawaida hakiiwezi.

Nikarudi na kipande na kichupa cha siki, nikamdondoshea pale pale mezani kwake. Akatazama povu, akaniambia: "Sasa mama, si yote ni mawe?"

Neno hilo mpaka leo halijanitoka. Si yote ni mawe! Kwani bei ilikuwa ya mawe yote?

Nilikaa kuandika kwamba msinunue marumaru kamwe. Lakini jiwe lenyewe ningelisingizia. Alfajiri nikisukuma chapati liko baridi, donge halinati. Jioni mwanga wa dirishani hauishii juu yake, unaingia ndani kidogo ndipo unarudi, graniti haina kitu hicho. Pengine ningeambiwa ukweli ningelichukua hivyo hivyo, nikakatia ndimu kwenye ubao.

Pengine. Lakini sikuambiwa! Nyumba yetu tunakula ndimu, ukwaju na kachumbari kila siku ya Mungu, na nilimweleza hivyo kabla sijatoa hela. Fundi mwingine amekuja, anasema atalisugua kwa unga laini mng'aro urudi, na ndimu ya pili italiharibu tena. Duka linasema nikitaka kubadilisha, gharama za kung'oa ni zangu.

Jiwe nalipa nyota nne. Duka silipi hata moja. Mkienda kununua, bebeni siki, ombeni kipande kilichokatwa mkidondoshee. Muuzaji akikataa, ondokeni.