Kufunga taa kwenye kayaki ya kuvulia usiku: uzoefu wangu na seti ya volti 12

Seti niliyoifunga ni ile ya kawaida inayouzwa mtandaoni bila jina la kampuni la kueleweka: tepe mbili za LED nyeupe, mita 2 kila mmoja, taa nyeupe ya nguzo inayomulika pande zote, waya mwekundu na mweusi wa mita 5, swichi moja, vibanio vya plastiki na kijitubu cha gundi. Chombo ni kayaki ya plastiki ya mita 3.6, aina ya kukalia juu, ya kasia tupu. Matumizi ni ngisi na samaki wa chambo, horini na ndani ya mwamba. Kwa ufupi: taa ya nguzo ni nzuri, tepe ni za wastani, na kila kilichokusudiwa kuziunganisha ni cha kutupa.

Nianze na taa ya nguzo kwa sababu ndiyo pekee inayokuhusu wewe na vyombo vingine. Zilizobaki zinakuhusu wewe na samaki. Kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia kugongana baharini hazimdai mambo mengi mwenye makasia: Kanuni ya 25 inamruhusu awashe taa kama za chombo cha tanga, na asipoziwasha, awe na tochi au taa nyeupe tayari mkononi ya kuonyesha mapema. Ukifunga mota ya umeme hesabu inabadilika. Chombo cha mota kilicho chini ya mita 7 na kisichozidi mwendo wa noti 7, yaani maili 7 za baharini kwa saa, kinatakiwa kiwashe taa nyeupe ya pande zote, na taa za ubavuni pia ikiwezekana, nyekundu kushoto na kijani kulia. Mimi sitegemei tochi ya mkononi hata kwa kasia, kwa sababu mikono yote miwili inakuwa kazini wakati uleule unaoihitaji.

Watu wengi hutafuta taa kali. Haihitajiki. Taa ya pande zote ya chombo kidogo inatakiwa ionekane maili 2 za baharini, na kiwango kilichowekwa kwa umbali huo ni kandela 4.3, yaani mishumaa minne na ushei. LED ya wati 2 inatosha na kubaki. Kinachoiua taa si udogo wake, ni kichwa chako. Nguzo ya seti hii ina sentimita 60. Ukiketi, utosi unapita juu yake, na anayekuja kutoka mbele haoni kitu kwa sababu umeikinga kwa mwili. Niliirefusha kwa bomba la maji la plastiki la nusu inchi hadi mita 1.2, nikaisimamisha nyuma ya kiti. Usizidishe hapo, maana nguzo ndefu hunasa mshipi kila unaporusha na huyumba hadi skrubu za chini zinalegea.

Kosa la pili la taa hii ni kwamba inamulika chini pia. Mwanga unagonga sitaha, unagonga kasia lililolowa, unarudi machoni, nawe huoni tena mita kumi mbele. Dawa yake ni kifuniko cha kopo la rangi: kata duara la sentimita 10, toboa katikati, paka rangi nyeusi isiyong'aa, kivishe chini ya taa. Jicho linachukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri na sekunde moja tu kuharibu kazi hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, tochi ya kichwani iwe na mwanga mwekundu hafifu wa kufungia ndoano.

Kama unavua karibu na mji, jua pia kwamba taa yako itamezwa na taa za nchi kavu. Penye vivuko vinavyokatiza usiku, kama Likoni au Magogoni, nahodha anakuona ukiwa na majengo nyuma yako, na nukta moja nyeupe pale haina maana kwake. Kaa kando ya njia ya meli na vivuko. Hakuna seti itakayokusaidia hapo.

Sasa tepe. Zimeandikwa LED 60 kwa mita, aina ndogo inayokula wati 4.8 kwa mita, kwa hiyo mita 4 ni wati 19 na kidogo, au ampea 1.6. Mwanga wake ni safi na unaenea vizuri ukizipachika chini ya ukingo wa nje, zikitazama maji. Ukizipachika ndani, zikikutazama wewe, utakuwa kama mtu aliyeketi dukani usiku: kila mtu anakuona, wewe huoni nje. Muuzaji ana pia za rangi nyekundu, kijani na bluu. Za nyekundu na kijani usizifunge ubavuni. Kanuni zinakataza taa zinazoweza kudhaniwa ni taa za njia, zile zinazoonyesha chombo kinaelekea wapi, na kayaki yenye mkanda wa kijani upande wa kushoto inamdanganya kila anayeikaribia kuhusu uelekeo wako.

Gundi ya seti usijisumbue nayo. Kayaki nyingi ni polithini, plastiki ileile ya madumu na matangi ya maji, na polithini haishiki gundi. Silikoni nayo inaambaa tu juu. Siku ya tatu unaivua kwa kucha kama ganda la kitunguu. Tumia vibanio na uvikaze kwa ribiti za alumini zile zinazopasuka na kutanuka kwa ndani, kimoja kila sentimita 20. Piga msasa mahali penyewe, futa kwa spiriti, weka tone la silikoni kwenye kila tundu kabla ya ribiti kuingia. Hapo silikoni haibebi kitu, inaziba tu.

Na silikoni yenyewe ichague. Ile ya bei rahisi inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inaila shaba. Ukizibia nayo mwisho wa utepe umeiweka sumu ndani ya kidonda. Nunua ile isiyo na harufu ya siki, hata kama ni ghali zaidi.

Maungio ndiyo yanayostahili lawama zote. Waya wa seti ni shaba tupu isiyopakwa bati. Maji ya chumvi yakipata mwanya wa ncha ya sindano, yanapanda ndani ya ganda la waya kama mafuta ya taa kwenye utambi, na ukimenya sentimita 30 kutoka kwenye jeraha unakuta nyuzi zimekuwa nyeusi. Dalili huanza mwanzoni mwa utepe: LED tatu zinapepesa, kisha zinazimika kwa pamoja, kwa sababu utepe wa volti 12 umegawanywa kwa makundi ya tatu tatu. Fungua ganda uone: unga wa kijani, na pedi ya chanya, kile kibati cha shaba kinachoungwa na waya, imeliwa kabla ya ile ya hasi. Umeme unapopita kwenye maji ya chumvi, upande wa chanya ndio unaoyeyuka. Mtu anasema taa ni feki. Taa ni nzima, kilichooza ni kiungo.

Kiungo kinachodumu kwangu nakifunga hivi. Waya wa shaba iliyopakwa bati, milimita za mraba 0.75, kwa mita 3 za kwenda na 3 za kurudi, ampea 2 zinapoteza chini ya volti 0.3, kwa hiyo hakuna haja ya mnene zaidi. Lehemu kwa risasi, vesha mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, choma mpaka gundi itokeze pande zote mbili. Ikitokeza upande mmoja tu, kata uanze upya. Tepu nyeusi ya umeme peke yake haizuii kitu baharini. Plagi za kuchomeka na kuchomoa zipake mafuta ya mgando kwenye pini, na zielekeze chini.

Swichi moja ya seti inawasha kila kitu kwa pamoja. Huo ndio ubunifu mbaya kuliko yote. Hata ukiongeza fyuzi moja ya vyote, utepe ukipiga shoti fyuzi inakatika na taa ya nguzo inazima nao, yaani unapoteza taa ya usalama kwa ajili ya taa ya mapambo. Tenganisha: taa ya nguzo na swichi yake na fyuzi ya ampea 1, tepe na swichi yao na fyuzi ya ampea 3. Fyuzi zikae kwenye waya wa chanya, zisizidi sentimita 15 hivi kutoka kwenye betri. Seti haikuja na fyuzi hata moja.

Wala haiji na betri. Betri kavu ya 7Ah (ampea 7 kwa saa moja), ile ya UPS, kifaa cha akiba ya umeme cha kompyuta, inapatikana popote, lakini ina kilo 2 na zaidi na haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unayo 3.5Ah ya kutumia. Tepe na taa ya nguzo kwa pamoja zinakula ampea 1.8 hivi: chini ya saa mbili. Betri ya lithiamu chuma fosfeti (LiFePO4) ya 12Ah ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na ukitumia asilimia 80 yake unapata saa tano. Taa ya nguzo peke yake ingewaka usiku kucha na kesho yake kwa betri yoyote kati ya hizo. Lithiamu ichajiwe kwa chaja yake, si ile ya gari. Ifunge chini, karibu na kiti, ndani ya boksi lisiloingiza maji. Ikiwa huru tumboni mwa kayaki, siku ya wimbi inakuwa nyundo.

Waya uingie kwa glendi, kile kikonyo chenye nati ya kubana. Saizi PG7 inahitaji tundu la milimita 12.5 na inabana waya wa milimita 3 hadi 6.5, lakini uwe wa mviringo: waya pacha bapa kama huu wa seti unaacha nafasi pembeni na maji yanaingia polepole. Toboa kwenye ukuta uliosimama, juu, si kwenye sakafu ya sitaha panapotuama maji. Acha waya uning'inie kidogo chini ya glendi ili matone yadondoke kabla ya kufika tunduni.

Kuhusu samaki: mwanga wa tepe unakusanya vijidudu, vijidudu vinaleta dagaa, dagaa wanaleta ngisi. Ngisi anakaa pembeni, pale mwanga unapokutana na kivuli cha kayaki, kwa hiyo rusha gizani uvute kuelekea kwenye mwanga. Usiku wa mbalamwezi faida inapungua sana. Jihadhari na mkule na wenzake wenye mdomo wa sindano, huruka kuelekea taa kwa kasi, na ukiwa umeketi, taa zako ziko usawa wa kiuno. Wakianza kurukaruka, zima tepe, acha ya nguzo.

Kabla ya kwenda majini izamishe tepe nusu saa kwenye beseni la maji ya chumvi zikiwa zinawaka, kisha pima kwa mita: ampea zikipanda au zikicheza, kuna kiungo kinavuja. Baada ya kila safari suuza kwa maji ya bomba. Kwa bei yake naipa seti nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za taa ya nguzo. Nikinunua tena nitachukua nguzo peke yake, na tepe nitazikata kwa mita dukani, zile zilizojazwa silikoni mwili mzima badala ya hizi zilizovalishwa mpira wenye uwazi ndani.