Mninga wa "gogo moja": uzoefu wangu na yadi niliyonunulia mbao za seti ya chumbani

Nimeandika hii na kuifuta mara mbili kwa hasira. Leo naiacha kama ilivyo.

Natengeneza samani nyumbani, kwenye banda la bati nyuma ya nyumba, Kimara. Kazi nilifundishwa na marehemu baba, aliyekuwa na benchi lake Keko, tangu niko shule ya msingi. Safari hii sikuwa natengenezea mteja. Ilikuwa seti ya chumbani kwangu mwenyewe, ya kwanza tangu niolewe: kitanda cha sita kwa sita, kabati la nguo la milango mitatu, dresingi tebo na vimeza viwili vya kando. Vyote mninga, vyote rangi moja.

Hiyo rangi moja ndiyo kazi yenyewe. Vipimo mtu yeyote mwenye futi atavipata. Lakini mninga wa mti huu una rangi ya asali, wa mti ule una michirizi myekundu iliyokolea, na ukiichanganya kwenye kabati moja, vanishi haifichi, inazidisha. Kwa hiyo nilimwambia muuzaji mapema kabisa: nataka mbao za gogo moja, moyo mtupu, yaani sehemu ya ndani ya mti, weupe wa nje sitaki. Akaapa. "Mama yangu, hizi zote gogo moja, zimeshuka juzi kutoka Tabora." Nilikwenda na randa yangu ndogo, nikaranda pembe za mbao tatu za juu. Zikatoka nzuri mno, na ile harufu ya mninga ikanipanda hadi nikamkumbuka baba. Nikalipa taslimu mbao 22 bila kuomba kupunguziwa hata mia.

Nyumbani nikazipanga bandani na vibanzi katikati ili hewa ipite, nikaziacha zitulie miezi kadhaa. Hewa ya Dar ina unyevu. Mbao iliyotoka bara ukiiwahi kuiunga, itavimba ikiwa tayari imeshakuwa droo. Kisha nikaanza na kitanda, kwa zile mbao za juu. Nasema kweli, sijawahi kutengeneza kitanda kama kile. Mifumbati imeingia kwenye matendegu kwa ndimi, kimya, bila msumari. Siku ile mtu angeniuliza ningemwambia aende yadi ile ile akafumba macho.

Zilizobaki nikazirudisha pale kwao zikapigwe mashine, zipate unene mmoja. Ubao wa nne ulipotokea upande wa pili, nusu yake ilikuwa nyeupe kama muhogo uliomenywa. Nikadhani macho. Nikachukua ambao haujapitishwa, nikaukwangua kwa kucha: wekundu ukabaki kwenye kucha. Walikuwa wamepaka rangi! Weupe wa mti umepakwa rangi ufanane na moyo, halafu umewekwa chini ya mafungu ili mteja asiufikie. Mbao sita kati ya zile 22.

Kwa asiyejua: weupe ni sehemu ya nje ya mti, karibu na gome. Moyo wa mninga unadumu, hata wadudu wanauogopa. Weupe una wanga, na wadudu wanaobungua mbao wanaufuata huo wanga. Mdudu anataga, unapiga vanishi, unamkabidhi mtu kabati linang'aa, na baada ya muda vinatokea vitobo vidogo kama vya sindano. Aliyepaka rangi alijua anachokifanya.

Nikamwendea muuzaji na ubao mkononi. Nilikuwa na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 19 ambaye hajui hata kushika patasi, alikuja kunisaidia kubeba tu. Yule muuzaji akanipita, akamwangalia yeye. "Mwambie mama haya ni mambo ya mafundi. Amlete fundi wake tuongee." Nikamwambia fundi ni mimi. Akacheka, na waliokuwa wamekaa juu ya magogo wakacheka naye. Kisha akageuka tena kwa kijana: "Mbao zikishatoka getini si zangu tena."

Kuhusu geti, labda ana hoja. Miezi ilikuwa imepita na ningeweza kukagua mbao zote 22 siku ya kwanza. Nakubali. Lakini kunipita! Nimesimama mbele yake, vumbi la mninga limenijaa kwenye nywele, na anamuuliza mtoto.

Aliyeniokoa siku ile ni mzee anayeendesha mashine, wa yadi hiyo hiyo. Alizima mashine, akaja, nikamwamkia. Akapitisha kidole kwenye ule mpaka wa weupe na moyo, akasema, "Mwanangu, hii yote itoe, usiionee huruma." Akanipasulia mbao zote sita, akanibakishia moyo, na hela ya kupasua akakataa. Kwa ajili ya huyo mzee nilitaka niandike kwamba yadi si mbaya, mbaya ni mtu mmoja. Nikaandika hivyo, ndiyo mojawapo ya zile nilizofuta.

Kwa sababu moyo uliobaki haukutosha. Ilibidi nikanunue mbao mbili kwingine, na mlango wa kushoto wa kabati umetoka na hizo. Wageni wanasifia tu, mume wangu anasema haoni kitu. Mimi nalala upande ule, na kila nikifumbua macho asubuhi jua likiingia, milango miwili ni asali na mmoja una damu.

Na jana nimefagia chini ya dresingi tebo. Nyuma ya droo ya chini mbao ilikuwa imenipungukia, nikaacha ukanda wa weupe wa upana wa kidole, nikasema nyuma kule nani ataona. Sakafuni palikuwa na unga laini, rundo dogo kama kijiko kimoja. Nimeufuta, leo asubuhi upo tena.

Basi mbao zao msinunue, hata zile za juu, hata kama zinanukia vile. Kwa mzee wa mashine pelekeni kazi. Ile droo nimeshaichomoa, iko bandani, na Jumatatu naibeba mwenyewe hadi pale, peke yangu, ili yule muuzaji asiwe na mwingine wa kuongea naye.