Mikeka ya raba au ya zulia kwa Lexus RX ya haibridi?

Gari jipya la haibridi likishafika nyumbani, kitu cha kwanza kulinunulia ni mikeka ya chini. Kwa Lexus RX inayozunguka Mombasa mimi nachagua raba, tena ile iliyokatwa kwa kipimo cha modeli yenyewe, yenye kingo zilizoinuka.

Zulia lina raha yake, sikatai. Mguu unahisi ulaini, mlio wa barabara unapungua, na rangi huoana na ngozi ya viti. Lakini watoto wakitoka ufuoni Nyali na nyayo zilizolowa maji ya chumvi, mchanga hujificha ndani ya nyuzi, na kwa unyevunyevu wetu zulia halikauki upesi. Siku mbili tu, gari linanuka uvundo. Mvua za Aprili na Mei ndizo huliumbua kabisa. Raba unaitoa, unaimwagia maji, unaipangusa, unairudisha. Ubaya wake ni kwamba ile ya bei rahisi, gari likifungwa juani, hutoa harufu kali.

Vyovyote uchaguavyo, mkeka wa dereva ufungwe kwenye vishikizo vyake, wala usiweke mmoja juu ya mwingine: ukiteleza unaweza kukwama kwenye pedali ya mafuta. Hakikisha pia umekatwa kwa gari la usukani wa kulia. Na huko nyuma, chini ya viti, kuna matundu yanayovuta hewa ya kupoza betri ya haibridi. Mkeka wala mfuko usiyazibe kamwe.

Buti pekee ndiko ningeacha zulia.