Mfuko wa kuogea na hogo: maji hayaingii kweli, ila kuuvaa ndo shughuli

Hii ni kwa mliofungwa hogo (ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika) na mmechoka kuogeshwa kama watoto. Mimi nilivunjika karibu na kiganja, mkono wa kulia, nikafungwa plasta mpaka chini ya kiwiko, dokta akasema wiki 6 na marufuku kulowesha. Marufuku yenyewe ina maana, plasta nyeupe ya kawaida ikilowa inalainika na haishiki tena mfupa, na hata ile ya faiba ambayo haiharibiki na maji ina pamba ndani, ikinyonya maji haikauki leo wala kesho, ngozi inaanza kuwasha na kuchubuka, harufu ndo usiseme.

Wengi wanatumia mfuko wa nailoni na selotepu. Inasaidia, sikatai, lakini lazima uwe na mtu wa kukufunga na kukufungua, maana selotepu kwa mkono mmoja ni vita, na maji yakitiririka kutoka begani yanatafuta upenyo pale juu mpaka yaupate.

Sasa huu mfuko wenyewe ni wa plastiki laini, mrefu, huku juu una mpira unaovutika wenye tundu katikati. Unapitisha mkono, mpira unakaba ngozi juu ya plasta, basi, hakuna zipu wala tepu. Kwa upande wa maji naupa maksi zote, nimesimama chini ya shawa hadi nikatosheka na pamba ikabaki kavu.

Tatizo ni kwamba walioutengeneza walikuwa na mikono miwili mizima 😂 Tundu ni dogo na mpira mgumu, picha kwenye boksi inaonyesha mtu anauvaa huku anatabasamu, muongo huyo. Namna iliyonifaa mimi ni hii: kaa kwenye kiti, bana mfuko katikati ya mapaja mdomo uangalie juu, tumbukiza vidole vya mkono mzima uvutie mpira pembeni, alafu sukuma hogo taratibu huku unazungusha zungusha. Usiuburuze juu ya ngozi utang'oa vinyweleo. Kuvua ni rahisi, penyeza kidole gumba chini ya mpira hewa iingie unaachia wenyewe.

Kitu ambacho sikukitegemea, ukiwa na hogo shida haiko kwenye mkono uliovunjika, iko kwenye ule mzima. Kwapa la upande mzima nani analisugua?? Ndo hapo huu mfuko umeniokoa kwa sababu ni mpana huku mbele, vidole vinacheza ndani, naweza kushikilia dodoki kidogo (kushikilia tu, sio kukamua) alafu mwili ndo unausogeza wenyewe. Inachekesha kuangalia lakini nimeoga mwenyewe mlango umefungwa, na aliyewahi kusimamiwa bafuni na mkwe wake ataelewa nasema nini.

Saizi msikisie. Pima mzunguko wa mkono pale mpira utakapokaa, na urefu kuanzia ncha za vidole, kama plasta imepita kiwiko chukua ule mrefu. Ukilegea maji yanaingia, ukibana sana vidole vinakufa ganzi, kwa hiyo ukimaliza kuoga vua hapo hapo, usikae nao unachati maana pia jasho linajaa ndani na plasta italowa hivyo hivyo. Ila kama umeshavua na ganzi haiondoki, au vidole vimevimba au vinageuka rangi, hiyo sio habari ya mfuko tena, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kingine, kingo za plasta ni kali na zinaweza kutoboa plastiki, ujaze hewa kabla ya kuvaa, ubane mdomo, usikilize kama kuna pssss.

Natoa nyota 4, moja nimeikata kwa ajili ya ule mpira na yule mtu wa kwenye boksi. Hogo likitolewa mkono unatoka mwembamba na umekakamaa, hapo ni mazoezi ya kukunja vidole na kiganja kama utakavyoelekezwa, mfuko huna kazi nao. Uoshe na sabuni, uanike kivulini mpira usikauke ukapasuka, umpe atakayevunjika mwingine.