Uzoefu wangu na mashine ya presha ya nyumbani: angalia mkanda kabla ya skrini

Mashine ninayoizungumzia ni ile ya kidijitali inayofungwa mkononi juu ya kiwiko kwa mkanda wa hewa, ya betri 4 za AA, yenye skrini ya namba tatu (presha ya juu, presha ya chini na mapigo ya moyo) na kitufe kimoja kikubwa. Jina la kampuni siliandiki, kwa kuwa za kampuni nyingine zinafanya kazi kwa njia ileile na ninayoyasema yanazihusu pia. Kwa jumla nimeridhika nayo. Inapima vizuri, mradi mkanda ukutoshe na mkono ukae mahali pake. Hayo mawili yakikosekana, itakuletea namba isiyo ya kweli, na hakuna taa itakayowaka kukuonya.

Ukibonyeza kitufe, pampu ndogo hujaza hewa kwenye mfuko ulio ndani ya mkanda mpaka damu inazuilika, kisha hewa huachiwa polepole. Mashine haisikilizi sauti kama anavyofanya daktari kwa stetoskopu, njia aliyoieleza Mrusi Nikolai Korotkov mwaka 1905. Yenyewe huhisi mtikisiko wa hewa ndani ya mkanda kila moyo unapopiga. Pale mtikisiko unapokuwa mkubwa kuliko kwingine kote ndipo ilipo presha ya wastani, na kutokana na hapo namba ya juu na ya chini hupatikana kwa hesabu ya kampuni yenyewe. Kwa hiyo mashine mbili nzima zinaweza kupishana namba chache kwa mtu yuleyule. Na kwa sababu hiyohiyo, usichomeke mkanda wa kampuni moja kwenye mashine ya nyingine hata kama mrija unaingia, maana hesabu ile ilitengenezwa kwa mkanda wake.

Mkanda unaokuja ndani ya boksi kwa kawaida ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, zungusha katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Ukipata 33, mkanda huo si wako, hata kama unafunga. Mfuko wa hewa unatakiwa kuzunguka takriban asilimia 80 ya mkono. Ukiwa mfupi, hulazimika kubana kwa nguvu zaidi na namba inapanda bure. Utafiti uliofanyika Baltimore, Marekani, na kuchapishwa 2023 ulipima jambo hili kwa watu wenye mikono minene sana: mkanda wa kawaida uliwaongezea karibu 20 kwenye namba ya juu. Tofauti hiyo inatosha kumwanzishia mtu dawa asiyoihitaji. Mkanda uliozidi ukubwa hushusha namba, ingawa si kwa kiasi hicho. Ipo mikanda ya 22 hadi 42, na kwa nyumba yenye watu wa maumbo tofauti huo ndio ninaoupendekeza, mradi uwe wa modeli yako.

Kuufunga: mkono uwe wazi. Mkono wa kanzu au shati ukikunjwa juu hubana kama kamba, kwa hiyo vua kabisa upande huo. Ukingo wa chini wa mkanda ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko, mrija ushuke upande wa ndani kuelekea kiganja, na kidole kimoja au viwili viweze kupita chini yake. Ukilegea sana, pampu itavuma muda mrefu, ijaze mara ya pili, halafu ikuandikie alama ya kosa.

Sasa suala la kiti, ambalo kwenye kijitabu cha maelekezo lina mchoro mmoja tu na ndilo linaloharibu vipimo vingi majumbani. Katikati ya mkanda panatakiwa pawe usawa wa moyo. Kila sentimita 10 chini ya hapo huongeza kati ya 7 na 8 kwenye namba, kwa uzito wa damu tu, bila ugonjwa wowote. Viti vya plastiki na meza fupi za sebuleni huuacha mkono chini mno. Weka mto au vitabu chini ya kiwiko mpaka mkanda ufike usawa wa titi. Mkono ukilazwa mapajani namba ya juu huongezeka kwa takriban 4, ukining'inia ubavuni kwa 6 hadi 7. Kuketi mkekani umekunja miguu hakufai, wala kuegemea ukuta ukiwa umenyoosha miguu. Nyayo zikae chini zote mbili, mgongo uegemee, kibofu kiwe kitupu. Tulia dakika 5 kabla ya kubonyeza, na usizungumze wakati inapima, hata kumjibu anayebisha hodi. Kahawa, sigara na kazi nzito viwe vimepita angalau nusu saa.

Hapo ndipo unapoona kwa nini namba za kwenye mahema ya upimaji wa bure mara nyingi ni kubwa. Mtu ametoka juani, amesimama foleni, anaulizwa jina na umri huku mkanda unajaa.

Kipimo kimoja hakikuambii kitu cha maana. Utaratibu unaokubalika ni huu: siku 7, asubuhi na jioni, kila mara vipimo viwili vilivyoachana kwa dakika 1. Asubuhi pima kabla ya chai na kabla ya kumeza dawa kama unatumia. Tupa vya siku ya kwanza, vinavyobaki ni 24, tafuta wastani wake. Kwa vipimo vya nyumbani, miongozo mingi inahesabu presha kuwa ya juu wastani ukifika 135/85, wakati kliniki mpaka ni 140/90. Wamarekani wameshusha hadi 130/80 kote kuwili. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, halafu endelea na ule unaotoa namba kubwa. Tofauti ya zaidi ya 10 inayojirudia kati ya mikono mwambie daktari.

Hifadhi ya kumbukumbu ya mashine hii inatosha, lakini angalia tarehe. Kwa modeli nyingi, ukitoa betri saa inarudi mwanzo na vipimo vya asubuhi vinaandikwa usiku wa manane. Daftari na kalamu halina shida hiyo. Pia bonyeza kitufe cha mtumiaji wa 1 au wa 2 kila mnapopokezana, la sivyo wastani utakuwa wa mume na mke waliochanganywa.

Betri ndiyo kero ya kweli. Pampu inakula umeme mwingi kwa mkupuo, hivyo betri za bei ya chini zisizo alkalaini huisha upesi na alama ya betri huwaka katikati ya kipimo. Za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, na mashine inaweza kudhani zimeisha zikiwa bado nzima. Adapta ya umeme ni suluhisho, lakini iwe ya volti iliyoandikwa kwenye mashine, kwa kawaida 6, na chanya na hasi zikae kama mchoro unavyoonyesha. Kama mashine itakaa bila kutumika, toa betri. Zikivuja zinakula vibati vya ndani.

Mrija usiuviringishe kwa kubana kuzunguka mashine, unapata ufa pale unapoingia kwenye plagi. Dalili yake ni pampu inayolia bila mkanda kukaza. Sehemu ya kunasia ya mkanda hujaa nyuzi za nguo na kuanza kubanduka mkanda unapojaa hewa. Ichokonoe kwa mswaki mkavu. Kitambaa cha mkanda kifute kwa kitambaa kingine chenye unyevu, usikiloweke na mfuko ukiwa ndani.

Alama ya moyo unaopiga bila mpangilio isikutishe ikija mara moja, kwa sababu hata kusogea kunaweza kuileta. Ikirudi kila siku ukiwa umetulia, nenda ukapimwe moyo. Kwa mtu mwenye tatizo hilo namba hurukaruka, achukue vipimo vitatu na kutafuta wastani. Ukiona 180/120 au zaidi, tulia, rudia baada ya dakika chache, wala usijiongezee dozi. Kama kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja, ulimi mzito au macho kuona ukungu, usirudie chochote, nenda hospitali hapohapo.

Kuunganisha na simu kwa Bluetooth kunaongeza bei bila kuongeza usahihi. Mashine za kufunga kwenye kifundo cha mkono ninaziachia wale ambao mkono wao haupati mkanda wowote, kwani zikishuka kidogo chini ya moyo zinapotoka. Saa za mkononi zisizo na mkanda wa hewa sizihesabu kabisa kuwa kipimo cha presha.

Usichukulie alama ya CE (ya kuruhusu bidhaa iuzwe Ulaya) kwenye boksi kama ushahidi wa usahihi. Kinachohitajika ni modeli yenyewe kuwa imepita majaribio, na kiwango cha kimataifa ni ISO 81060-2, kinachotaka watu wasiopungua 85. Orodha ya zilizopita ipo bure kwenye tovuti ya STRIDE BP. Linganisha herufi na tarakimu zote za modeli, kwa sababu tarakimu moja tu hutenganisha iliyopimwa na isiyopimwa. Mjamzito atafute iliyojaribiwa kwa wajawazito.

Dukani, mwombe muuzaji afungue boksi, soma vipimo vilivyochapwa kwenye mkanda wenyewe, uvae, na uhakikishe mstari wa alama unaangukia ndani ya eneo lililochorwa. Muulize pia kama mkanda wa modeli hiyo anauuza peke yake. Asipokuwa nao, nenda duka lingine, kwa kuwa mkanda ndio unaochakaa kwanza. Baada ya kununua, ipeleke kliniki uilinganishe na ya kwao: mkono uleule, kwa kupokezana, yako, yao, yako. Tofauti ya hadi 5 ni ya kawaida. Ikizidi 10, irudishe ukiwa na risiti.