Uzoefu wangu: Fort Portal hadi Sempaya kwa gari la kukodi

Nyota nne kati ya tano. Ile moja imekwenda na mapatano ya mafuta, nitayaeleza hapo chini.

Kutoka Fort Portal, magharibi mwa Uganda, hadi chemchemi za maji moto za Sempaya ni kama kilomita 50, lami yote, kwa hiyo gari dogo linatosha. Tenga saa moja na nusu. Kasi haisaidii kitu kwenye kona zile. Jiji liko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Sempaya iko karibu mita 700, kwa hiyo mteremko ni mrefu. Dereva ashuke kwa gia ya pili au ya tatu. Akikanyaga breki mfululizo zitachemka, utasikia harufu ya kuungua, kisha zinaanza kulegea. Ikitokea, egesheni mahali pa wazi dakika 20, na msiyamwagie magurudumu maji.

Msiondoke alfajiri sana. Ukungu ukikaa milimani huoni bonde, na bonde ndilo lililokuleta: msitu wa Semuliki chini, mto Semliki, na ng'ambo yake Kongo. Saa tatu asubuhi kwa kawaida panakuwa peupe.

Karugutu ndipo njia panda. Kulia ni Ntoroko na Ziwa Albert, kushoto Sempaya na, mbele yake, Bundibugyo. Wengi wanataka pande zote mbili kwa siku moja, wanaishia kuona kioo cha gari tu. Chagua. Anayetaka kob, yule swala wa nembo ya taifa ya Uganda, apite kulia kwenye nyika. Upande wa kushoto ni nyani barabarani (funga vioo, usiwarushie ndizi), mbega na hondohondo.

Sempaya kuna chemchemi mbili, ya kike na ya kiume. Ya kike iko karibu na lango na maji yake yanaruka juu yakichemka. Ya kiume inataka kutembea msituni penye tope, kwa hiyo vaa mabuti ya mpira. Nunua mayai Fort Portal, na chumvi usisahau. Dakika kumi yanaiva. Mpe mwongozaji ayatumbukize yeye, maana ukingo wa pale ni laini na mvuke unaunguza kabla hujagusa maji. Kiingilio andaa kwa pesa ya simu au kadi, si noti.

Vya kula: rolex ya asubuhi Fort Portal, ile chapati ya mayai ikunjwe mbele yako, gonja (ndizi kubwa tamu) ya kuchoma Karugutu, kabalagala (vikeki vya ndizi mbivu) za njiani. Ukisogea kuelekea Bundibugyo utakuta kakao imeanikwa kwenye mikeka. Omba tunda bichi, ufyonze nyama nyeupe na mbegu uteme. Tamu yenye uchachu, na hapo ndipo safari inapolipa.

Sasa mafuta. Kwenda na kurudi ni kilomita 100, lita 10 hadi 12 kwa gari dogo, na kurudi ndiko kunakokula zaidi kwa sababu ya kupanda. Mwenye gari wangu alitaja bei ya siku nzima, mafuta akayadai jioni. Andikianeni kwa ujumbe wa simu kabla ya kuwasha injini: mafuta ya nani, chakula cha dereva, na saa ya mwisho ya kurudi.